Mgonjwa Aliyenyimwa Umbea

Mtu mmoja alikuwa na sauti kubwa na moyo mchovu, na hakujua kwamba anavyo vyote viwili mpaka kimoja kilipomwangusha. Jina lake Mbonea. Alikaa juu milimani kwetu Upareni, mahali ambapo gari hufika dukani likashindwa, na mtu anamalizia safari kwa miguu yake. Kazi yake ilikuwa kutunza ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la udongo. Usiku tunaliacha lijae maji ya kijito, alfajiri mtunzaji anatoa kizibo, maji yanashuka mferejini, kila shamba kwa zamu yake. Mbonea aliishika kazi hiyo tangu meno yake yote yakiwa bado mdomoni. Alisimama ukingoni akaita zamu, na sauti ikavuka bonde mpaka kwa watu ambao ndiva yetu haiwahusu na wala hawakuomba iwahusu.

Asubuhi moja alikuwa akimkaripia mama mmoja aliyechepusha maji kwenda kwenye migomba yake. Jina la mama silitaji, yu hai na anapenda kesi. Katikati ya karipio sauti ikakatika. Mbonea akakaa topeni, mkono kifuani, pumzi haimtoshi. Yule mama akadhani anaigiziwa, akamjibu maneno mengine mawili ya nguvu. Kuja kumtazama midomo, imebadilika rangi. Akatupa jembe, akakimbia kuita watu, na ni yeye yule aliyepiga kelele kuliko wote. Wakamshusha kwa machela ya miti mpaka dukani, na kutoka dukani kwa gari mpaka hospitali ya bondeni.

Daktari akampima, akasema moyo umetanuka na umechoka, hausukumi damu inavyopasa, ndiyo maana miguu imevimba na hawezi kulala chali. Akaandika dawa. Akakataza chumvi. Alipofika mlangoni akageuka akawaambia ndugu, "Na msimpe mshtuko." Basi, akaenda zake, ana watu wengi. Hakusema mshtuko ni kitu gani, na hakuna aliyemwuliza. Neno hilo dogo lilikaribia kumzika Mbonea kabla ya ule moyo wenyewe.

Ndugu walikaa kikao uani, karibu na bomba la kufulia. Mwenye kikao alikuwa Nakiete, dada mkubwa wa Mbonea, ambaye watu wote humwita Shangazi, hata waliozaliwa kabla yake. Akasema mshtuko ni habari. Mtu anashtushwa na nini kama si habari? Kwa hiyo Mbonea asiambiwe habari yoyote mbaya. Shemeji mmoja, mtu mpole, akauliza, "Na habari nzuri je, Shangazi?"

"Nzuri ndiyo hatari zaidi," Nakiete akamjibu. "Mbaya unaikataa. Nzuri unaipokea yote, moyo unaruka, unakwenda nao."

 Ikapitishwa kwamba Mbonea asiambiwe kitu. Nakiete akapata kigoda, akakiweka mlangoni mwa wodi, akakikalia. Kila aliyekuja kumwona mgonjwa alisimamishwa pale akaulizwa amekuja na maneno gani. Ng'ombe wa Mbonea alikuwa amezaa, ndama jike. Hiyo ikabaki kwenye kigoda. Binti wa jirani alikuwa ametoroshwa na fundi rangi wa kanisa, na kanisa limeachwa limepakwa upande mmoja. Hiyo nayo ikabaki kwenye kigoda, habari tamu namna ile, Mungu atusamehe. Na ziko nyingine nzito, nitazifikia.

Sasa wafikirieni wageni. Sisi watu wa milimani tunapokwenda kumwona mgonjwa hatuendi na maua. Tunakwenda na uji, ndizi, na habari. Mgonjwa anakula kidogo sana ule uji, lakini habari anazimaliza zote. Leo mtu ameshuka mlima mzima, ameingia, amekaa, na hana cha kusema. Wakabaki na hali ya hewa.

"Jua kali leo."

"Kali kweli."

 Mtu anatazama dari. Mwingine anajikuna goti. Mzee mmoja aliona aibu ya kukaa bubu, akajaribu, "Ila mvua huko juu..." na Nakiete akakohoa mlangoni, kwa sababu mvua inakwenda kwenye ndiva na ndiva ilikuwa imekatazwa kuliko vyote. Mzee akameza mvua yake. Wakati wa kuondoka kila mmoja alimshika Mbonea mkono kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini, "Unaendelea vizuri."

Mbonea si mjinga. Maneno hayo, na sauti hiyo, na mikono hiyo miwili, aliyajua. Yeye mwenyewe aliyatumia kwa baba yake mdogo, na baba yake mdogo hakuiona Jumapili. Akaanza kujumlisha. Mchungaji alikuja akaomba polepole, yeye ambaye siku zote huomba kama anagombana na mtu. Mke wake Namsifu alikuwa hamkatalii kitu. Kisha akaja Elisante. Huyu Elisante walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na watoto wao walifundishwa kupishana bila salamu. Elisante akaingia na jogoo mwekundu kwapani, akamwekea Namsifu miguuni, akasema, "Pole sana, kaka," na macho yakamjaa machozi, akatoka upesi.

Mbonea akamwita mkewe kwa kidole. "Elisante kanipa jogoo," akanong'ona. "Mama Eliapenda, mimi nimekwisha."

Kuanzia hapo akawa anautunza moyo wake kama mtu mwenye kibaba cha mwisho cha unga. Alijiaminisha kwamba mapigo yana mwisho, na kila jambo analofanya linakula pigo. Akaacha kusema, akawa wa kunong'ona. Akaacha kucheka, ingawa hapakuwa na cha kuchekesha. Kugeuka kitandani akaacha. Chafya ikija anaibana mpaka masikio yanawaka. Chooni hakwenda, aliletewa chombo, yeye ambaye zamani alikuwa anapanda ule ukingo wa ndiva kabla jogoo hawajakubaliana kama kumekucha. Dawa zilikuwa zinafanya kazi. Miguu ilikuwa imenywea, pumzi imetulia, daktari anaona vizuri kwenye vipimo vyake. Lakini mwenye moyo alikuwa ameshauhama.

Mtoto wake mkubwa, Eliapenda, alikuwa na nyumba mjini, nyumba ya geti, na ndani yake kochi. Akapiga simu akasema kama baba hawezi kupanda mlima, yeye atakuja na gari amchukue, amkalishe mjini pale kwenye kochi, televisheni mbele. Alisema kwa mapenzi. Mtoto mwema. Daktari akakubali kwamba ndivyo itakavyokuwa: siku ya kuruhusiwa, Mbonea akiweza kupanda zile ngazi za mawe nyuma ya wodi kwa miguu yake, atarudi kwake. Asipoweza, ataenda na mwanawe. Mbonea aliposikia akageukia ukuta, pole pole, asipoteze pigo. Kwake milimani aliyajua mawe yote kwa majina. Mjini angejua kochi. Alitaka kwenda kwake kuliko alivyotaka kupona, ila hakuamini tena kwamba miguu ile ni ya kwake.

Katika wodi ile walikuwapo manesi wawili kwa zamu. Wa kwanza Fausta. Nisimseme vibaya, maana hakukosea hata kidonge kimoja. Mwepesi, msafi, anajua sindano, na wagonjwa ni wengi kuliko mikono yake. Alimwita Mbonea "Dirishani," kwa sababu kitanda chake kilikuwa dirishani. "Dirishani ameshameza? Dirishani ageuzwe." Alimwuliza Namsifu kama Dirishani amepata choo, na Dirishani mwenyewe yupo pale anasikiliza. Uji alimlisha kwa kijiko, haraka haraka, kwa kuwa kumlisha ni kwepesi kuliko kumngoja. Na Mbonea alifungua mdomo kama kinda la ndege, kila kijiko kikimwambia kwamba mkono wake umekufa.

Wa pili alikuwa msichana wa Kinyakyusa, Atupele, mfupi, mwenye viatu vinavyolia. Siku ya kwanza alipoingia zamu alifanya jambo lililomfanya Nakiete ainuke kutoka kwenye kigoda chake. Aliketi. Mnajua nesi haketi. Yeye alivuta kiti akaketi karibu na kitanda, akasema, "Shikamoo, baba. Mimi naitwa Atupele. Wewe ni nani?"

Mbonea akanong'ona kwamba yeye ni Dirishani.

"Hilo ni jina la kitanda. Nimekuuliza wewe."

Akangoja. Alingoja muda ambao Fausta angekuwa amemaliza upande mzima wa wodi. Mwishowe ikatoka, "Mbonea." Halafu, baada ya kitambo, kama mtu anayetoa kitu kilichofichwa chini ya godoro, "Mtunza ndiva."

Akamwuliza ndiva ni nini, maana kwao hawana. Mbonea akaanza kueleza kwa kunong'ona, pigo kwa pigo, akaona maelezo hayatoshi, akainua mkono kuonyesha ukingo unavyopinda. Mkono ule ambao haukuwa umeinuka siku zote hizo. Namsifu aliuona akaufuata kwa macho, asithubutu kupumua.

Kesho yake Atupele akamshika kiganja, akachukua vidole vyake Mbonea mwenyewe, akaviweka kwenye kifundo cha mkono wake. "Unasikia?" Mbonea akasikia. "Huo ndio moyo wako unafanya kazi. Sikudanganyi, baba. Umechoka, na hautarudi kuwa wa kijana. Dawa utakunywa siku zote, chumvi uisahau, na miguu ikianza kuvimba tena au pumzi ikikubana, usingoje, uje. Lakini mapigo hayako kwenye gunia yakaisha ukiyatumia. Moyo huu ukilazwa tu unazidi kulegea. Ukipewa kazi ndogo ndogo unajifunza."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hata neno moja kati ya hayo. Wote walimwambia anaendelea vizuri, na hakuwaamini. Huyu amemwambia umechoka, akamwamini. Ajabu ya binadamu hiyo.

Uji ulipokuja, Atupele akampa kijiko mkononi.  Uji wa kwanza ulimwagikia kifuani, wa pili ukafika masharubuni, wa tatu ukaingia. Ukapoa, akaendelea. Fausta alikuwa anapita na sinia la dawa akasimama. "Wewe utamaliza zamu hapo hapo."

"Anakula," Atupele akasema.

Baadaye akamsimamisha, kwa ruhusa ya daktari. Kutoka kitandani mpaka dirishani. Siku nyingine kutoka dirishani mpaka mlangoni. Alitembea ubavuni kwake, mkono wake nyuma ya mgongo wa Mbonea lakini haumgusi, kama mtu anayelinda taa isizimwe na upepo. Akamwambia, "Mimi sitakuambia umechoka. Wewe ndiye utaniambia." Na Mbonea alipochoka akasema, "Nimechoka," akakaa, akaweka vidole kwenye kifundo, akasikiliza, akasimama tena. Alirudi kitandani kwake akiwa anahema na uso umemkunjuka kidogo, kama aliyeiba kitu na hakukamatwa.

Lakini Nakiete alikuwa mlangoni, na njia ya dirishani na mlangoni aliiona yote. Akatoka nje akawaambia ukoo, "Yule msichana anaitembeza maiti ya mdogo wangu." Akaenda kushtaki kwa mkuu wa wodi. Mkuu wa wodi akamwambia mazoezi ni amri ya daktari. Nakiete akarudi kwenye kigoda chake akakisogeza katikati ya mlango kabisa, ili maiti ikifika hapo ikose pa kupita.

Mbonea alifika pale mlangoni, akatazamana na dadake, akarudi. Siku ya pili vivyo hivyo. Ya tatu hakuinuka kitandani. Atupele akaketi tena, akangoja, na safari hii kilichotoka kilikuwa hiki: "Binti, miguu ipo. Lakini wananificha jambo. Nakwenda wapi na miguu hii kama mambo yangu yameshagawanywa?"

Atupele akawafuata ndugu uani, akawaomba wamwambie mgonjwa wao wanachomficha. Wote wakamtazama Nakiete, na Nakiete akatazama bomba.  Ila alipokuwa anarudi akamkuta Elisante nyuma ya jiko la hospitali, amekuja tena, safari hii na kuku jike, na hathubutu kuingia. Yule mtu mzima alimlilia nesi begani kama mtoto. Jambo lenyewe hili: wanakijiji walikuwa wamekaa kikao wakampa Elisante ndiva. Hakuiomba. Waliona maji yanapotea, wakatafuta mtu anayeamka mapema, wakamwona yeye. Na tangu siku ile halali, kwa kuwa anajiona amemvua mtu nguo angali hai.

"Twende ukamwambie," Atupele akasema.

"Nimwambie mimi? Si ataanguka?"

"Atakuwa amelala tayari, baba. Ataangukia wapi?"

Wakaingia, nesi mbele, Elisante nyuma, kuku kwapani. Nakiete akaona nyuso zao akajua. Akasimama, akatanua mikono mlangoni. "Hapana. Daktari alisema mshtuko. Mtamuua ndugu yangu mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni akiwa mtoto." Na alikuwa analia kweli. Hapa tusimcheke Shangazi. Kile kigoda alikikalia kwa upendo, alikikalia mpaka kiuno kikamuuma, na kama upendo peke yake ungetosha, Mbonea angekuwa ameshapanda mlima mara saba.

Atupele hakubishana naye. Alimshika mkono, akatazama ndani kule dirishani, ambako Mbonea alikuwa ameinua kichwa anasikiliza habari zake mwenyewe zinavyogombewa. Akasema neno moja tu.

"Anaweza."

Nakiete akashusha mikono. Sijui kwa nini. Pengine hata yeye alikuwa amechoka kuwa geti. Atupele akaketi upande wa kitanda, akaweka vidole vya Mbonea kwenye kifundo chake. Elisante akasimama miguuni. Akasema yote kwa mkupuo mmoja. "Kaka, ndiva wamenipa mimi, sikuiomba, naitunza tu, ukisema niache naacha leo."

 Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwa wa nyonga na hayamhusu, alijiinua kwa viwiko asikose kitu. Nakiete alijifunika khanga usoni, akawa anangoja kilio.

Mbonea alitazama dari. Vidole kwenye kifundo. Akauliza kwa mnong'ono, "Kizibo unatoa saa ngapi?"

"Jua likishachomoza, kaka."

"Likishachomoza?" Mnong'ono ukakatika. "Jua likishachomoza? Unainywesha mbingu? Maji yanafika shambani kwetu yameshachemka. Wewe Elisante wewe, ndiyo maana hata ule mpaka huuoni, unaamka mchana." Sauti ikapanda. Akamwambia habari ya kizibo, namna ya kukifunga majani ili kisivuje. Akamwambia matundu ya panya upande wa chini, na akina mama wa juu wanaojifanya wanafua. Ilivuka wodi, ikavuka ua, ikafika wodi ya wazazi, na inasemekana kitoto kilichozaliwa asubuhi ile kiliamka kikaanza kujibu. Elisante alisimama anapokea matusi yake huku anatabasamu na machozi yanamtoka, kuku anahangaika kwapani, kwa maana tangu ugomvi wa mpaka hakuwahi kutukanwa na Mbonea ana kwa ana, na alikuwa ameikosa sauti ile.

Mbonea alipokwisha, alikuwa anahema. Akasikiliza kifundo chake. Watu wote wakasikiliza naye, kana kwamba wangeweza kusikia. "Yanakwenda mbio," akasema. Akangoja. "Yanapunguza." Akangoja tena. "Yapo."

Halafu akapiga chafya moja, kubwa, ya siku nyingi, na hakufa.

Hapo mlango ukafunguka kwa kila mtu. Wakamwambia ndama. Wakamwambia fundi rangi na binti wa jirani, na kanisa la nusu, na Mbonea akacheka huku ameshika kifua kwa tabia tu. Namsifu akamwambia mahindi. Akawasikiliza wote, akala habari hizo kama mtu anayefungua saumu. Kisha akatulia, akawatazama usoni mmoja mmoja. "Na Kiondo je? Kwa nini Kiondo hajaja kuniona?"

Hiyo ndiyo nzito niliyosema. Kiondo alikuwa rafiki yake. Walitahiriwa pamoja, walioa mwaka mmoja. Alikuwa amefariki na kuzikwa Mbonea angali anabana chafya. Kila mtu alimtazama Nakiete, na Nakiete, mwanamke yule mkali, akaja akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia mdogo wake, kwa sauti yake mwenyewe, jinsi Kiondo alivyokufa na walivyomzika.

Mbonea alilia. Hakulia kwa sauti ile kubwa. Alilia ndani kwa ndani, mabega yanatikisika. Mtu mmoja akaanza kusema, "Usilie, moyo wako," na Atupele akatikisa kichwa, mtu akanyamaza. Alimwachia alie. Akaketi pale pale, mkono wake juu ya blanketi, na hata alipoitwa na kitanda kingine alisema anakuja, akaja kuondoka Mbonea alipokuwa ameshajifuta uso mwenyewe. Moyo ulimvumilia. Mioyo yetu, akina mama na akina baba, inajua kulia tangu hatujajua kutembea.

Siku ya kuruhusiwa Eliapenda alifika na gari. Kiti cha nyuma kilikuwa kimetandikwa godoro na mito, kama anakuja kuchukua mayai. Daktari akasimama chini ya zile ngazi za mawe. Fausta naye alikuja kutazama, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijaanza, na pia kwa sababu alikuwa anataka kujua. Atupele akasimama chini, akaweka mikono yake nyuma, akaishika mwenyewe isije ikamponyoka.

Mbonea alipanda. Katikati akasema kwa sauti wazi, "Nimechoka," akakaa juu ya jiwe, akasikiliza kifundo. Eliapenda akaanza kukimbilia, funguo mkononi, na Nakiete, Nakiete yule yule, akamshika shati. "Muache. Hajakuita." Mbonea akainuka, akapanda, akasimama juu kabisa, akageuka kututazama akiwa anahema. Hakusema kitu cha maana. Alisema, "Nani kaniwekea godoro ndani ya gari?" Fausta akacheka, akasema, "Hongera, Mzee Mbonea," na mtu mmoja akamwuliza tangu lini amelijua jina.

Gari likampeleka mpaka dukani, likashindwa kama kawaida yake. Kutoka pale akapanda kwa miguu, na safari ilichukua mchana wote. Msidhani ni moyo. Moyo ulimsimamisha mara chache tu. Kilichomchelewesha ni kwamba kwenye kila ua alikaa apumzike, na kila ua ulikuwa na habari zake, na hakukubali kuinuka kabla hazijaisha. Yule mama wa kuchepusha maji alimwekea kiti nje kabisa, akampa maji ya kunywa, wakagombana kidogo kwa adabu.

Ndiva hakurudishiwa, na hakuiomba. Kizibo ni kizito kwa moyo wake, alisema mwenyewe bila kuona haya, na Elisante sasa anaamka kabla ya jua kwa kumwogopa. Dawa anakunywa. Kuna siku pumzi inambana, anashuka hospitali, anarudi. Hajawa kijana. Amekuwa Mbonea.

Maana ya mfano huu sitawachambulia, ninyi si watoto, na mchungaji amenionya nisirefushe. Nina swali tu kwa kila mwenye mgonjwa nyumbani, anayemwogesha, anayemlisha, anayemfungia mlango ili asisumbuliwe: ni lini mara ya mwisho ulimwuliza neno, ukaketi, ukangoja ajibu mwenyewe?